Mkono wa Kushoto Si Swichi

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipolisema nitalala nalo.

Baada ya ibada kamati ya muziki ya kanisa letu iliketi. Ajenda ilikuwa moja tu: kuuza kinanda tulicho nacho na kununua kingine cha zaidi ya laki mbili. Fedha zingetoka kwa harambee itakayofanywa mwezi wa kumi, wakati bonasi ya majani chai inapoingia na hata mtu mkono wa birika anakumbuka nyumba ya Mungu. Sababu iliyotolewa ni kwamba kinanda "hakina uzito". Mzee mmoja alisema kinasikika kama redio ya jirani. Kisha wote wakanigeukia mimi, mtu wa kompyuta, niwaambie ni modeli gani ya kununua.

Nikawaambia wasinunue. Nadhani hawakutarajia hilo kutoka kwa mtu anayebadilisha simu kila mara. Lakini ndio msimamo wangu, na hapa nitauelezea vizuri zaidi kuliko nilivyofanya mbele ya kamati huku chakula kikipoa. Kinanda chetu hakina ugonjwa. Tatizo ni kwamba nusu yake haipigwi. Sauti ya mkono wa kushoto imezimwa, na imezimwa kwa miaka.

Kwanza tuelewane kwa wale wasiokijua chombo chenyewe. Kinanda ninachozungumzia ni kile chenye staili ndani yake, yaani bendi nzima iliyorekodiwa: ngoma, besi, gitaa, na hata stringi, zile sauti za vayolini nyingi pamoja. Kina vibonye 61, na kimegawanywa mahali fulani. Katika modeli nyingi za Yamaha mgawanyo huo kiwandani huwekwa kwenye kibonye cheusi cha F# kilicho chini ya C ya katikati. Maana yake upande wa kushoto una vibonye 19, na vilivyobaki 42 ni vya mkono wa kulia. Wa kulia unapiga wimbo. Wa kushoto unabonyeza kordi (sisemi kodi ya serikali), na mashine inasoma kordi hiyo na kuiambia bendi ihamie wapi. Ukibonyeza C, E na G, bendi yote inaenda C. Ukihamia F, nayo inahama.

Kwa sisi waandishi wa programu hii ni kitu rahisi kuelewa. Vibonye vitatu vinaingia upande mmoja, bendi nzima inatoka upande wa pili. Ni kazi nzuri ya uhandisi na sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ugomvi wangu unaanzia hapa. Mkono wa kushoto umepewa kazi mbili, si moja. Ya kwanza ni kutoa amri kwa bendi. Ya pili ni kupiga muziki, kwa sauti yake yenyewe, ambayo kwenye Yamaha huitwa Left na kwenye Korg huitwa Lower. Ukiwasha sauti hiyo, zile noti unazobonyeza zinasikika zenyewe, iwe kwa ogani, stringi au piano, pamoja na bendi. Ukiizima, mkono wako wa kushoto unabaki kuwa swichi ya taa.

Na katika makanisa mengi niliyokaa ndani yake, kuanzia Kericho mjini, Litein, Kapkatet hadi pande za Bomet, swichi ndiyo ninayoiona. Kijana anabonyeza kordi, anainua mkono, anakuna shavu, anasubiri mstari ufike, anabonyeza nyingine. Sisi ni watu wa chai jamani! Nani amewahi kuona mchumaji stadi akichuma kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umetiwa mfukoni? Mikono yote miwili inaingia kwenye kichaka, inatafuta majani mawili na chipukizi, na kikapu kinajaa. Mbele ya kinanda tunasahau.

Sasa sitaki kuwalaumu vijana, kwa sababu nimechunguza kwa nini wanaizima na nimegundua wana sababu za kweli. Ziko mbili, na zote ni makosa ya muundo kabla hazijawa makosa ya mpigaji.

Sababu ya kwanza ni ule mtindo wa kidole kimoja. Vinanda hivi vina njia ya mkato kwa anayeanza. Ukitaka C kubwa, unabonyeza C peke yake. Ukitaka C ndogo, unabonyeza C pamoja na kibonye cheusi kilicho kushoto kwake. Ukitaka C ya saba, unabonyeza C na kibonye cheupe kilicho kushoto kwake, ambacho ni B. Bendi inaelewa na inapiga kordi safi kabisa. Lakini washa sauti ya kushoto uone! Unasikia C na B kwa pamoja, noti mbili zinazogusana, na zinakwaruzana kama glasi juu ya bati. Mpigaji anashtuka, anatafuta kitufe kinacholeta kelele ile, anakizima, na hakiwashi tena hadi siku ya mwisho.

Mwandishi yeyote wa programu atautambua ugonjwa huo. Mlango mmoja umepewa vitu viwili vya kupitisha. Kibonye kilekile ni amri kwa kompyuta na ni noti ya muziki. C na B kama amri ni sahihi. C na B kama noti katika wimbo ule ni takataka. Mashine haina njia ya kukwambia kwamba umetoka kwenye muziki na kuingia kwenye kuandika amri. Inakuacha ugundue kwa aibu, mbele ya watu, saa nne asubuhi.

Sababu ya pili ni kumbukumbu ya kordi. Staili ikishasoma kordi, inaendelea nayo hata ukiinua mkono. Hii ni hisani kubwa, inakupa nafasi ya kufungua ukurasa au kubonyeza kitufe. Lakini inafundisha tabia mbaya ya kugusa na kuachia. Mwenye tabia hiyo akiwasha sauti ya kushoto, inakatika kila anapoinua mkono. Inasikika kama simu kwenye kona yenye mtandao mbovu. Basi naye anaizima.

Hivyo kuzima ni uamuzi wa busara kwa mtu ambaye hajafundishwa. Tatizo ni kwamba unaishia kuwa uamuzi wa kudumu. Mdogo wake anajifunza kwa kumtazama, naye anaona kile kitaa hakiwaki, anadhani ndivyo kinanda kilivyo.

Mtaniuliza, na iwe hivyo, kuna hasara gani? Bendi si inapiga?

Hasara niliiona kwenye mazishi. Mwaka jana tulikuwa tukimzika kogo wa jirani yetu, nyanya ambaye alikuwa ameimba sauti ya pili kanisani tangu kabla sijazaliwa. Mvua ilikuwa imenyesha, turubai limelowa, jenereta linanguruma nyuma ya mihindi. Wazee wenzake wakasimama kumwimbia. Wale akina mama hawaimbi kwa mashine ya mapigo. Wanavuta neno pale linapouma, wanangojana, mmoja anaanzisha na wengine wanamfuata. Kijana wa kinanda akafanya alichozoea: akachagua staili, akabonyeza kordi, ngoma zikaanza. Kufikia mstari wa pili bendi ilikuwa imewaacha mbali. Wao wakaongeza sauti, yeye naye akaongeza spika. Mwishoni mama mmoja aligeuka akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, zima hiyo kwanza, tumzike."

Akazima. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoonekana: alipozima staili, hakubaki na kitu. Mkono wa kulia ulijua wimbo, noti moja moja. Wa kushoto haukujua chochote, kwa sababu ulikuwa haujawahi kupiga, ulikuwa unatoa amri tu na sasa hakukuwa na wa kuamriwa. Alikaa ameweka mikono magotini mpaka jeneza likashuka. Ni kijana mzuri, na machozi aliyokuwa nayo hayakuwa ya msiba peke yake.

Sijasahau uso ule. Angekuwa na ogani laini kwenye mkono wa kushoto, kordi nne tu zilizoshikwa chini ya wale mama, angewafuata popote walikoenda. Wakivuta neno, naye anashikilia. Wakihama, naye anahama. Hiyo ndiyo kazi ambayo staili haiwezi, kwa sababu staili haisikii waimbaji. Wewe unasikia.

Katika nchi hii ya chai tunajua maneno ya mashine na mikono yanaweza kufika wapi. Mwezi Mei mwaka 2023, hapa Kericho, waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma chai. Sisemi kinanda ni jambo zito kama riziki ya watu. Nami siwezi kuwa adui wa mashine, ndizo zinazonilisha. Ninachosema ni kwamba kila unapoipa mashine kazi, jiulize mkono umebaki na nini. Kwenye kinanda mkono haukunyang'anywa na mtu. Kazi yake iko pale pale, imefunikwa na kitufe kimoja.

Na wala si kweli kwamba kitu cha kigeni lazima kitufanye wavivu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha, kwa chepkong', kinubi chetu. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, lililopita katika masikio na ndimi za kwetu. Santuri zake zilikuwa zimefika huku. Watu walisikiliza mashine, kisha wakashika kinubi chao na kutunga cha kwao. Hawakuiachia gramafoni ifanye kila kitu. Huo ndio urithi ninaoujua mimi.

Haya, tuingie jikoni. Kama una kinanda chenye sauti ya kushoto (vile vidogo kabisa huwa havina, soma kitabu chake), fanya hivi.

Acha kidole kimoja. Ingia kwenye mtindo wa kubonyeza kordi kamili, ule unaoitwa Fingered. Hapo amri na noti vinakuwa kitu kimoja: unachobonyeza ndicho bendi inachokifuata na ndicho kinachosikika. Ule ugonjwa wa mlango mmoja unapona wenyewe.

Usipige kordi chini kabisa mwishoni mwa kinanda. Hili lina hesabu yake. C ya kwanza kushoto kwenye kinanda cha vibonye 61 hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, na E inayoifuata mara 82. Tofauti ni 17 tu, na sikio letu huko chini haliwezi kutenganisha noti zilizokaribiana hivyo. Linasikia mngurumo, kama trekta la kiwandani asubuhi. Panda juu kidogo, karibu na mgawanyo. Kwa C, bonyeza G, C na E. Tofauti zake zinakuwa 33 na 34, na kordi inasikika wazi. Kwa F, bonyeza A, C na F. Kwa G, bonyeza G, B na D. Angalia vidole vyako: havijasafiri hata upana wa kiganja. Na kwa sababu havisafiri, kordi moja inaungana na nyingine bila kukatika.

Ila angalia mtego mmoja. Ukiwa kwenye mtindo unaoitwa Fingered on Bass, noti ya chini kabisa ndiyo inayopewa mpiga besi. Kordi ya G, C na E itampeleka besi kwenye G, na wimbo utasikika kama umesimama kwa mguu mmoja. Kwenye Fingered ya kawaida hilo halitokei.

Shikilia, usiguse na kuachia. Kama huwezi, Yamaha wana kitufe cha Left Hold. Ukikiwasha, stringi au ogani inaendelea kulia hata ukiinua mkono, na piano inafifia polepole kana kwamba umekanyaga pedali. Ni mkongojo mzuri kwa wiki za kwanza.

Punguza sauti yake. Kipimo cha sauti kwenye vinanda hivi huenda hadi 127. Mimi huweka kushoto kama 60. Kanisa lisiisikie, lakini ukiizima ghafla watu wainue vichwa kuuliza nini kimekosekana.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kijinga. Wanasema staili tayari ina stringi na besi zake, ukiongeza sauti ya kushoto unamwaga maji juu ya maji. Pia vinanda vya bei ndogo vinaweza kupiga noti 32, 48 au 64 tu kwa wakati mmoja, na ukijaza mno nyingine zinakatwa. Ni kweli. Dawa yake ni kuondoa, si kuongeza. Nenda kwenye sehemu za staili, zima ile inayoshikilia stringi, na sehemu yake uipige wewe kwa mkono wa kushoto. Idadi ya noti haibadiliki sana, lakini sasa zinapumua na waimbaji. Mashine imebaki na ngoma na besi, kazi inayoiweza kuliko wewe. Wewe umebaki na kusikiliza.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: mara moja kwa wiki zima staili kabisa. Zima na usomaji wa kordi, uache sauti ya kushoto peke yake na ya kulia. Piga tenzi moja taratibu, mtu akuimbie kando. Siku utakapoambiwa "zima hiyo kwanza", uwe na kitu mkononi.

Sasa turudi kwa kamati. Wapo waliosema ninatetea ubahili. Mwenyekiti aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia sina, lakini laki mbili ni fedha nyingi za kununua kinanda ambacho nusu yake itazimwa siku ya kwanza. Kinanda kipya kitakuja na stringi tamu zaidi, skrini ya kugusa na staili mia kadhaa. Nacho kitakuwa na kitaa kilekile kisichowaka. Tukakubaliana hivi: hadi mwezi wa kumi, kijana wetu atafanya mazoezi na mimi kila Jumamosi alasiri, sauti ya kushoto ikiwa imewashwa. Baada ya hapo kamati itasikiliza tena, na ikiona bado hakuna uzito, nitakuwa wa kwanza kutoa mchango wangu wa harambee.

Tulianza Jumamosi iliyofuata. Saa tisa mvua ya Kericho ikaja na mawe yake, stima ikapotea, kama kawaida yake. Tukaweka betri sita, tukazima ngoma ili zisizimalize upesi. Alipiga G, C na E, akashikilia. Bati lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba ilibidi ainamishe sikio karibu na spika ndogo ya kinanda. Akahamia F bila kuinua mkono, akarudi. Kisha akaniangalia akasema, "Kaka, hii ingetosha siku ile."

Sikumjibu. Nilimwambia arudie.

Kwa leo naishia hapa. Wewe mwenye kinanda nyumbani, nenda ukatafute kile kitaa.